Mikanda Niliyofungia Samaki

Mwanangu Athumani, nakumbuka asubuhi ile baba yangu aliponikabidhi ufunguo wa pikapu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, leseni yangu ilikuwa mpya hata picha haijapauka, na hapa Kibiti hapakuwa na kijana mwingine wa rika langu mwenye gari. Lami ilikuwa bado haijatufikia. Nilitembea na ule ufunguo nikiuning'iniza kidoleni, hata nikienda chooni, ili watu wauone. Nakuambia haya ujue kwamba huyu mzee anayekukera leo alikuwa mjinga kabla yako, tena mjinga wa kujivuna.

Ijumaa iliyopita ulinichukua tukalione gari unalotaka kumnunulia mwanao Zuhura. Ametimiza kumi na nane, amefuzu udereva, na mwezi ujao anaanza chuo Dar es Salaam. Unataka awe anakwenda na kurudi mwenyewe. Sina ubishi na hilo. Mtoto yule ana akili kuliko mimi na wewe tukijumlishwa. Lakini nilipoketi kiti cha nyuma nikapapasa kutafuta mkanda, mkono wangu ulikuta boksi la spika. Mikanda ilikuwa imekatwa ili spika zikae vizuri. Mbele nako, pale pa kuchomeka mkanda wa dereva, palikuwa pamechomekwa kichwa kitupu kisicho na mkanda, ili gari lisilie kumkumbusha dereva ajifunge, na yule muuzaji akatuonyesha kwa fahari kana kwamba ametuongezea kitu. Wewe ukacheka. Nilipokuvuta pembeni nikakuambia gari bila mikanda linaua, ukanijibu, "Baba, yale yalikuwa magari ya zamani. Haya ya siku hizi yana akili."

Nikanyamaza njia nzima, wewe ukadhani nimechoka. Sikuchoka, mwanangu. Kuna jambo ambalo sijawahi kukusimulia lote, nawe unalijua nusunusu kwa maneno ya shangazi zako. Leo nalitoa, ingawa sina matumaini makubwa kwamba litakugeuza. Mimi mwenyewe niliambiwa na haikusaidia kitu.

Mwaka ule korosho zilikubali, na baba akasema atanunua pikapu niifanyie kazi. Tulionyeshwa mbili. Ya kwanza ilikuwa na rangi ya matope, mali ya mzee mmoja aliyeitunza, imepoa kabisa, haina cha kumvutia mtu. Ya pili ilikuwa nyekundu, ina mistari mieupe ubavuni na redio ya kaseti. Nilipoijaribu niliona wazi kwamba ukikanyaga breki inavutia kushoto. Nikajiambia nitaizoea. Baba hakujua kuendesha, akaniuliza ipi ni nzima, nami nikamwambia nyekundu. Hapo ndipo nilipoanza kukosea, mwanangu: mzee wa watu aliniamini mimi, na mimi niliamini rangi.

Kazi yangu ilikuwa kubeba samaki wakavu kutoka Nyamisati, walioletwa na boti kutoka Mbwera, na kuwafikisha sokoni hapa. Samaki walijazwa kwenye matenga, na matenga yalifungwa kwa kamba za katani. Unajua chumvi inavyoila katani. Safari ya tatu kamba ilikatika, tenga likamwagika njiani, nikawaokota samaki vumbini mmoja mmoja huku wapita njia wakinitania. Wachukuzi wa Nyamisati wakanipa ujuzi wao. Kule kila mtu aliyepata gari bovu alikuwa anakata mikanda ya viti na kufungia mizigo, kwa sababu ile mikanda haiozi kwa chumvi na haikatiki. Watu walikuwa wanaiomba kama wanavyoomba sukari. Mimi sikuhitaji kuomba, nilikuwa nayo miwili mipya ndani ya gari langu. Nikachukua kisu cha samaki nikaikata, na tangu siku hiyo hakuna tenga lililocheza. Nilijiona mjanja sana.

Baadaye mama akataka gari lisomewe dua, kama ilivyo desturi yetu. Alipika pilau, akamwita Mwalimu Mkumba, aliyenifundisha Kurani chuoni tangu ninatamka alifu. Mwalimu alikuja na chetezo chake, akaketi kiti cha mbele, akapeleka mkono juu ya bega kama anayetafuta kitu. Alikuwa amewahi kuishi Dar es Salaam na alizoea kujifunga. Akaniuliza mkanda uko wapi. Nikampeleka nyuma nikamwonyesha jinsi ulivyoyabana matenga, nikingoja anisifu.

Akayatazama yale matenga kwa muda. "Kawafunge watu kwanza," akasema, "ndipo weye uniite nisome."

Akachukua chetezo chake akaondoka, na pilau hakuigusa. Mama aliona haya mpaka akajifungia ndani. Mimi nilikasirika, nikaenda Ikwiriri nikamleta msomaji mwingine, kijana mwenye sauti nzuri, ambaye hakuuliza chochote. Alisoma watu wakatikisa vichwa kwa utamu. Mwezi mzima nilimsema Mwalimu barazani kwamba uzee umemwingia vibaya.

Zuhura wa kwanza alikuwa mdogo wangu wa mwisho, wa miaka kumi na minne. Alikuwa amekaa likizo kwa shangazi kule Nyamisati na shule zilikuwa zinafunguliwa, hivyo nikamchukua pamoja na samaki. Alifurahi kwa kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa mbele. Njiani alikuwa anasuka ukili wa mkeka, vidole vinakwenda bila yeye kuvitazama, huku ananicheka kwa jinsi ninavyoshika usukani kama bwana mkubwa. Sikuwa kasi, na hilo ndilo watu hawaliamini. Mtu wa baiskeli mwenye gunia la mkaa alitokea kichakani, nikakanyaga breki, gari likavutia kushoto kama kawaida yake, likaugonga mkorosho. Mlio wenyewe haukuwa mkubwa. Mimi usukani ulinizuia kifua. Zuhura hakuzuiwa na kitu, akatoka kwa kioo cha mbele.

Alikata roho palepale kando ya njia, kabla hatujapata gari la kumpeleka hospitali. Ukili ulikuwa bado umezunguka vidole vyake. Yule mtu wa baiskeli ndiye aliyevua shuka yake akamfunika, maana mimi nilikuwa nimesimama tu. Na unajua nilikuwa ninatazama nini, Athumani? Nilikuwa ninatazama matenga. Yote yalikuwa mahali pake. Hakuna samaki hata mmoja aliyeanguka.

Samaki hao ndio waliopikwa kwenye matanga, kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitoweo kingine na watu walikuwa wengi. Nami niligawa sahani. Mama yako alipokuja kuolewa hapa aliwahi kuniuliza kwa nini mama mkwe wake hali samaki wa kukaushwa, nikamwambia hawampendezi.

Mwalimu Mkumba alimsalia Zuhura, akamzika, wala hakunitupia neno. Siku ya saba alikuja nyumbani, akaenda moja kwa moja kwenye gari lililobondeka, akaketi chini akaanza kufungua yale mafundo ya mikanda, maana samaki walitolewa bila matenga kufunguliwa. Yalikuwa yamekaza kwa chumvi, ilimchukua muda mrefu, na mimi sikuthubutu kumsaidia. Alipomaliza aliikunja mikanda yote miwili, akanipa mikononi, akaenda zake. Ninayo mpaka leo kwenye sanduku, chini ya kanzu. Wewe ulipompata binti na ukaniomba nichague jina, nilimpa la mdogo wangu. Ulifurahi. Mimi usiku na mchana nimeliogopa jina hilo tangu siku ile.

Sasa umenielewa kwa nini nilinyamaza Ijumaa. Nimeziona nyuso mbili kwenye kiti kimoja.

Basi nisikilize, hata kama ni kwa ajili ya kuniridhisha. Gari lile liache. Mtafutie mtoto gari lililopoa, la injini ndogo, ambalo vipuri vyake vinapatikana hapahapa Kibiti, na usiwaulize vijana wenzake kama ni zuri. Livute kila mkanda kwa nguvu, wa mbele na wa nyuma, uone kama unakaza na kurudi. Ukiwasha swichi, ile taa ya mifuko ya hewa iwake kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, jua kuna mtu ameitoa ili usijue kwamba mifuko haipo. Matairi yana tarakimu nne ubavuni zinazosema wiki na mwaka yalipotengenezwa. Zisome mwenyewe, usikubali kuambiwa ni mapya kwa sababu yamepakwa dawa yakang'aa. Breki zijaribu kwenye njia tupu, na gari likivutia upande hata kidogo, rudisha ufunguo. Na fundi wa kulikagua awe wako, asiwe ndugu wa anayeuza. Baba yangu hakuwa na fundi wake, alikuwa na mimi.

Likishanunuliwa, panda naye wewe kwanza, miezi michache, hata akikununia. Mwambie asijaze marafiki. Na siku atakapokuambia mkanda unamkunjia nguo, usicheke kama ulivyocheka mbele ya yule muuzaji.

Najua utasema mzee ana woga. Kila siku naona vijana wa hapa wananyanyua magari, wanakata hiki na kuongeza kile, na wazazi wao wanaringa barazani. Nimewaambia wengi. Wananipa pole, wananiagizia chai, wanaondoka vilevile walivyokuja. Nimechoka kuwa sahihi baada ya mazishi, mwanangu, na sidhani kama nitaishi kuona watu wakisikia kabla.

Kwa kuwa Mwalimu Mkumba hayupo tena, najua utaniita mimi nilisomee gari la Zuhura. Nitakuja na chetezo. Nitaketi mbele, nitapeleka mkono begani. Nikiukosa mkanda nitaondoka, pilau yenu mtaila wenyewe, na mkimleta msomaji wa Ikwiriri nitajua la kungoja.

Mungu akupe macho ya kuona ambacho mimi sikukiona nikiwa na ufunguo kidoleni. Akupe mkono mzito wa kukataa mbele ya mtoto anayelia kwa kitu kizuri. Amfikishe binti yako kila aendako na amrudishe akiwa mzima, anakucheka kwa uzee wako. Mungu akulindie Zuhura wako, Athumani. Wangu sikumlinda.