Bibi Alivyokunywa Maziwa ya Tambarare

Hapa mtaani kwetu Soweto, Moshi mjini, hupita mama mmoja wa Kimasai akiuza maziwa, na akifungua tu kibuyu chake harufu ya moshi inanifikia mpaka jikoni. Wanangu huziba pua. Mimi hucheka peke yangu, maana harufu ile hunirudisha Kirua Vunjo, nyumbani kwa bibi mzaa mama, mwanamke nitakayejivunia mpaka naingia kaburini.

Usharika wetu, rafiki yangu, ulikuwa na kawaida ya kushuka tambarare kuhubiri kwa Wamasai. Kwenye boma moja mwinjilisti alikuwa ameshakwenda mara mbili, watu wakamsalimu kwa adabu, kisha wakatawanyika. Wazee wa kanisa wakasema iwe safari moja ya mwisho. Watu wasipokaa kusikiliza, basi. Bibi, aliyekuwa kiongozi wa akina mama, alikosa raha wiki nzima. Alikuwa akiliombea lile boma kila siku.

Kwa hiyo tulipika. Unatujua watu wa mlimani: tunapenda kulisha hata pale ambapo wageni ni sisi. Ndizi zilimenywa mpaka vidole vyetu watoto vikawa vyeusi kwa utomvu, nyama ikachemka, vikapondwa pamoja kuwa mtori mzito, na sufuria zikafunikwa kwa majani ya mgomba na kupakiwa kwenye pikapu. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma nikishikilia vifuniko. Kadiri tulivyoshuka, migomba na mibuni iliisha, ubaridi nao ukaisha, vumbi likaanza.

Tulipofika niliinamisha kichwa kusalimia kama nilivyofundishwa, na mama mwenye boma akanigusa utosini. Halafu tukaharibu. Kabla hata hatujakaribishwa kuketi, akina mama wa kwaya walianza kushusha sufuria na kupanga sahani. Mwenye boma alikuwa ameingia ndani, na ndiyo kwanza alikuwa anatoka na kibuyu mkononi. Akasimama. Akazitazama sufuria zetu, kisha akatutazama sisi.

"Kumbe mmekuja na chakula chenu," alisema polepole. "Basi changu hakina mtu."

Hata hivyo alimimina. Maziwa yalikuwa na chembe nyeusi za mkaa, kwa sababu kibuyu chao husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto. Mwanakwaya mmoja akasema ameshiba. Mwingine akasema tumbo linamsumbua. Mwinjilisti akaangalia viatu vyake. Wanawake wa boma wakaanza kurudi ndani mmoja mmoja, na hata mimi mtoto nilielewa kwamba safari ya mwisho ilikuwa inaishia pale.

Bibi akawageukia wenzake. Alianza kwa Kichagga, maneno ambayo sitayaandika hapa, kisha akahamia Kiswahili ili wenyeji nao wasikie: "Mae! Mmebeba Injili mpaka huku, halafu mnaogopa maziwa? Rudisheni sufuria kwenye gari. Tuko kwa mtu, tunakula cha kwake kwanza."

Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa chote, akafuta midomo kwa kitenge, akaomba tena. Alipomaliza cha pili akauliza ni mti gani unaochomwa, maana naye alikuwa na ng'ombe zake bandani na alitaka maziwa yake yakae vizuri namna ile. Mwenye boma akacheka, akamwita ndani akamwonyeshe. Walikaa huko weee, mwinjilisti akizunguka nje na Biblia yake.

Walitoka wameshikana mikono, na mwenye boma mwenyewe akasema sasa tulete hicho chetu. Ikawa zamu ya wenyeji kuutazama mtori kwa mashaka. Bibi hakununa. Alifanya kama afanyavyo mwenye kukaribisha kwetu mlimani: akachota, akaonja yeye kwanza mbele ya wote, ndipo akawagawia. Desturi hiyo hasa ni ya kunywea mbege, pombe yetu ya ndizi, lakini bibi, Mlutheri wa kweli, hakulitaja hilo. Walikula, wakakaa. Mwinjilisti alihubiri, tukaimba, na mpaka jua linapoa hakuna aliyekuwa ameondoka. Nilimtazama bibi yangu nikaona hakuna mkubwa kuliko yeye Kilimanjaro nzima.

Sasa amelala kihambani, shambani kwake pale nyumbani, kati ya migomba yake. Mwezi uliopita nilishuka tena kule. Pana kanisa la bati, na mchungaji wake ni kijana aliyezaliwa kwenye boma lile lile; nilipomsikia akihubiri moyo ulinijaa. Wageni wa siku hizi huja na basi, wanakula humo humo ndani vyakula vyao vya kwenye maboksi, wanapiga picha, wanaondoka. Mkwe wa yule mama mwenye boma alinikaribisha vizuri, akanipa soda ya chupa. Nikamuuliza kama hakuna maziwa.

"Wageni wa kutoka mlimani hawanywi maziwa yetu," alinijibu, wala hakuwa na kinyongo.

Iliniuma sana. Nikamwambia mimi ni mjukuu wa yule bibi wa Kirua aliyeomba kikombe cha pili.

Akaichukua ile soda mkononi mwangu, akairudisha ndani, akatoka na kibuyu.