Mwanamke wa Kona ya Mazeras

Cheka ukitaka, mimi nimeshazoea kuchekwa. Wala si mtu wa kupenda habari za majini. Nimeishi Malindi umri wangu wote, sikuwahi kuona hata paka wa ajabu. Lakini hili lilinipata mimi mwenyewe, ndani ya nyumba yangu, jua likiwaka, na Baba yangu ni shahidi.

Baba alikuwa dereva wa magari ya moshi, yale ya zamani ya kutoka Mombasa kwenda bara. Tangu tumzike Mama, maneno yalimwisha. Alikula, alisali, kisha akakaa kitandani akitazama ukuta. Ukimwamkia shikamoo, anaitikia kwa kichwa. Unaujua uchungu wa kuishi na mzazi aliye hai, na huku sauti yake umeanza kuisahau?

Wakati huo nilikuwa nikimpikia Mtaliano mmoja mzee. Alipofunga safari ya kurudi kwao akagawa vitu vyake, na mimi akanipa sanduku lenye treni ya kuchezea: injini nyeusi, mabehewa manne, vipande vya reli na kisanduku chake cha umeme. Nikasema moyoni, hii ndiyo dawa ya Baba. Nikaweka ubao juu ya meza sebuleni, nikaunga reli mduara, nikamwita. Wallahi alikuja, akavuta kiti mwenyewe. Treni ikaondoka vizuri, ikafika konani, ikaanguka. Nikairudisha, ikaanguka palepale. Nikapunguza mwendo, nikazifuta reli kwa spiriti, wapi! Baba akainuka, akarudi kwenye ukuta wake. Afadhali nisingalimwonyesha kabisa.

Nikahangaika nayo siku kadhaa. Alasiri moja nimeinamia meza, mlango wazi kwa ajili ya joto, nikasikia hodi. Alikuwa mwanamke wa makamo, kajifunga leso, miguu mitupu, akaomba maji. Nikamkaribisha. Sasa sikiliza. Mlango wangu unaelekea magharibi, na saa hizo jua huingia hadi katikati ya sebule. Kivuli cha mtungi kilikuwa sakafuni. Changu kilikuwepo. Chake hakikuwepo. Niamini, nilitazama mara mbili. Ningalipiga kelele, ila yeye alikwisha kuiona treni, na alicheka kwa furaha hata hofu ikanipungua.

"Inaangukia wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kona. Akaniambia nizime umeme, akachukua behewa moja akalisukuma kwa kidole, polepole, ametega sikio. Lilipofika konani likagonga kidogo. Akaniambia nilaze shavu ubaoni nizitazame reli kwa usawa wa jicho, na ndipo nikaona. Pale vipande viwili vilipokutana hapakuwa na upinde, palikuwa na kiwiko. Tena ncha moja ilikuwa juu ya mwenzake, unene wa ukucha tu, maana ubao wangu ulikuwa umefura kwa unyevu wa pwani. Tukakifungua kile kiungo, tukakiingiza sawasawa, tukatia kipande cha kadi chini ya ncha iliyokuwa chini.

Tukajaribu. Injini ikapita, behewa la kwanza likaangukia ndani ya kona. Akaniwekea mabehewa mawili mikononi niyapime. La mbele lilikuwa jepesi kama ganda la yai, la nyuma zito.

"Jepesi likitangulia, mazito yanalivuta huku, injini inalivuta kule," akasema. "Lipeleke mkiani, mwanangu."

Mkono wake ulipogusa wangu ulikuwa baridi kama jiwe la kisimani, na alinuka moshi wa makaa ya mawe.

Treni ikazunguka. Ikazunguka tena, na tena, bila kusita. Tukapiga makofi, mimi na kiumbe nisichokijua! Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Kumbe umefika mpaka huku," alisema Baba.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, anatabasamu. Yule mwanamke akainua mkono akampungia. Baba naye akampungia bila haraka, kama watu waliozoeana. Kisha mgeni akatoka. Nikamkimbilia na gilasi ya maji. Kichochoro kirefu, kuta nyeupe pande zote mbili, mtu hakuna.

Jioni ile Baba alizungumza mpaka koo likamkauka. Akanieleza kwamba kwenye kona ya Mazeras, kando ya reli, alikuwa akisimama mwanamke, miaka nenda miaka rudi, wala hazeeki. Madereva wenzake walikuwa wakitazama pembeni na kusoma dua. Yeye akimpungia na kumpigia honi kila safari, hata Mama akamwonea wivu.

"Na treni yangu haikuacha reli hata siku moja," akasema.

Sasa Baba anasema kuliko redio. Anabishana na wauza samaki, anawaimbia watoto wa mtaa wanaojaa kwetu kila alasiri kutazama treni. Haijaanguka tena. Ila siku ya Idi ndugu yangu alikuja kutoka Gongoni, akadai kona ile imebana, akaishika reli aipanue. Kikatoka kicheko cha mwanamke chini ya meza, karibu na goti lake. Ndugu yangu ni pande la mtu, anabeba magunia ya chumvi. Siku hiyo pilau yake aliila nje, amesimama.

Basi nakuonya mapema. Ukija kwetu, karibu sana, chai ipo, na Baba atakuchosha kwa maneno. Lakini kile kiungo cha konani usikitie kidole. Kina mwenyewe.