Watoto Walioondolewa kwa Brashi

Katika maji ya kusini kabisa mwa dunia, ambako bahari hukaribia kuganda mwaka mzima, yuko mnyama asiye na kichwa ambaye hubeba mimba mikononi. Ana mikono kumi, kila mmoja una vijitawi pande mbili kama unyoya wa ndege, na kwenye baadhi ya vijitawi hivyo, kando ya ovari, kuna mfuko mdogo ambamo watoto hukua. Wakitoka hawaendi mbali. Hujishikiza kwa kikonyo kwenye vidole ambavyo mama yao hutumia kushika mwamba, na hukaa hapo wamesimama mpaka waweze kujitegemea. Wengi wa ndugu zake huachia mayai yachukuliwe na mkondo. Huyu hayaachii.

Kwa Kiswahili sijasikia jina lake, nami humwita nyota-manyoya. Nilifanya naye kazi miaka kumi na moja kabla ya kujua kwamba analea namna hiyo. Miaka hiyo yote nilikuwa nikiwaondoa watoto kwa mama zao kwa brashi.

Siku yangu ya kwanza katika ghala la vielelezo, yaani wanyama waliohifadhiwa kwa utafiti, hapa Brussels, ilikuwa Jumatatu ya Novemba. Nilipokelewa na Mhifadhi, mwanamke mrefu kutoka pwani ya Wafleming, kaskazini mwa Ubelgiji, ambaye ndiye aliyesimamia wanyama wote wa baharini wasio na uti wa mgongo. Alinipa koti jeupe, kibano, brashi laini kama ya mchoraji, na mtungi wa kwanza.

“Hapa chini tunafanya mambo matatu, Madame Odette,” alisema. “Tunasafisha, tunahesabu, tunaandika. Kufikiri kunafanyika ghorofani, na huko nako si kila siku.”

Sikuwa mgeni wa maabara. Lubumbashi nilifunzwa kazi ya kukata nyama za wagonjwa ili daktari azisome kwenye hadubini, na nilipofika Ubelgiji niliifanya tena miaka minne katika hospitali ya Woluwe-Saint-Lambert. Kazi yenyewe ni hii: kipande kinalowekwa kwenye nta ya moto, nta ikiganda kinakatwa kwa mashine yenye wembe kuwa utando mwembamba kuliko karatasi, kisha unatiwa rangi. Mkuu wa maabara ile alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Hata chembe iliyobaki kwenye sahani haitupwi kabla jibu la mgonjwa halijatoka. Inawekwa kwenye kichupa, na kichupa kinapewa namba ya mgonjwa.

Niliingia ghalani na sheria hiyo kichwani. Meli za utafiti zilileta wanyama wakiwa ndani ya spiriti, wamechanganyika na tope, vipande vya kombe na viumbe vidogo kama nyasi ambavyo huota juu ya kitu chochote kinachokaa kimya baharini. Ukutani palibandikwa maelekezo ya usafishaji, na mstari wa nne ulisema: ondoa nyasi zote. Niliziondoa. Lakini kila kilichotoka kwenye brashi yangu nilikitia kwenye kichupa, nikaandika namba ya mtungi kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka kwenye spiriti. Hakuna aliyeniagiza. Vichupa vikajaza rafu moja, kisha ya pili, na wenzangu wakaita pale “makaburi ya Madame Odette”.

Jumamosi nilikwenda Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, kusukwa kwa Maman Clarisse, rafiki yangu tangu shule, mwenye saluni katika Galerie d'Ixelles. Naye hakuelewa kazi yangu, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu Lubumbashi.

“We Odette, njo kusema unaosha bisamaki bya kufa?”

“Hapana samaki. Ni nyama ya bahari. Iko na mikono kumi na haina kichwa.”

“Bon,” alisema, akivuta nywele zangu. “Iko sawa gouvernement.”

Saluni nzima ikacheka, na kwa miezi kadhaa wateja wake waliniuliza habari za mawaziri wangu.

Mwaka wa kumi na moja Mkuu wa Majengo, mtu wa mikutano mifupi, alihitaji nafasi ya makabati mapya. Akashuka na daftari, akapita rafu kwa rafu, akasimama mbele ya vichupa vyangu.

“Hivi ni nini?”

“Masalio ya usafishaji, bwana. Kila kimoja kina namba.”

“Madame, taka ikipewa namba haiachi kuwa taka. Ijumaa ijayo rafu hizi ziwe tupu.”

Wiki hiyohiyo Mhifadhi aliniletea mkono wa nyota-manyoya wa maji ya baridi ili niukate kwa mashine, kazi yangu ya zamani. Mnyama huyu ana mifupa midogo ya chokaa ambayo ingevunja wembe, kwa hiyo kwanza niliuloweka kwenye asidi hafifu mpaka chokaa ikaisha, ndipo nikautia nta. Jumanne asubuhi niliweka utando wa kwanza kwenye hadubini. Niliiona ovari, kama nilivyotarajia. Kando yake niliona mfuko, na ndani ya mfuko viinitete vitano, kila kimoja katika hatua yake.

Nilirudi kwenye mtungi alikotoka. Katika kidole kimoja cha mnyama yule, mahali ambapo brashi yangu haikufika vizuri, ilibaki “nyasi” moja, ndogo kama punje ya mchele. Niliiweka chini ya lenzi. Ilikuwa na kikonyo, na juu ya kikonyo mikono iliyokunjwa. Nikafungua kichupa chenye namba ya mtungi ule. Mlikuwa na kumi na saba kama hiyo.

Nilikaa nikivitazama vichupa vyote. Nikinyamaza, Ijumaa vingemwagwa na hakuna mtu ambaye angewahi kujua kwamba kazi yangu ya miaka kumi na moja ilikuwa na kosa. Nikisema, ningekuwa nimejishtaki mwenyewe, na mkataba wangu wa mwaka mmoja mmoja ulikuwa mezani kwa Mhifadhi ukingoja saini mwezi huohuo. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili. Sikujua mwingine angeniajiri kufanya nini.

Jioni nilipita saluni. Clarisse alinisikiliza bila kuacha kusuka.

“Boss yako ameona?”

“Bado.”

“Alors, wewe unamwambia ya nini? Batoto bale bamekufa zamani. Funga kinywa, dada, chunga kazi yako.”

“Kama banamwanga bile bichupa, hatutajua batoto ni ba nani.”

Alimaliza kusuka mistari miwili. “Donc umeshakata shauri,” alisema. “Umekuja hapa juu ya kusukwa kichwa tu.”

Jumatano saa tatu nilipanda ghorofani na sahani yenye ile “nyasi”, slaidi ya kioo yenye utando wangu, na kichupa kimoja. Nilimweleza Mhifadhi kwa mpangilio: nilichokata, nilichokiona, nilichokuwa nikifanya tangu siku ya kwanza. Aliinama juu ya hadubini kwa muda mrefu, akabadilisha slaidi kwa sahani, akarudia slaidi.

“Wote hawa umewang'oa wewe?”

“Ndiyo. Miaka kumi na moja.”

“Na umewatunza wote?”

“Wako kwenye rafu. Mpaka Ijumaa.”

Aliinuka, akashuka ngazi bila kunisubiri. Nilimkuta ghalani ameubandua ule ukurasa wa maelekezo ukutani. Aliusoma mstari wa nne kwa sauti, kisha akanionyesha mwandiko.

“Huu ni wa nani?”

“Wako, Madame.”

“Basi kosa ni letu wawili,” alisema. “Vichupa lakini ni vyako peke yako. Sikuwahi kukufundisha jambo hilo.”

Alikwenda kwa Mkuu wa Majengo mwenyewe. Sikuwepo, ila makabati mapya yaliishia kwenye korido, na Mkuu wa Majengo alipopita ghalani tena aliniuliza, bila kutabasamu, kama watoto hawajambo. Mkataba ulikuja Jumatatu, umetiwa saini. Uliofuata haukuwa na tarehe ya mwisho.

Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote niliyofanya kazi. Nilifungua vichupa kimoja kimoja, nikawatenga watoto na nyasi za kweli, nikamrudisha kila mtoto kwenye mtungi wa mama yake. Katika daftari kuu tulikata neno “uchafu” kwa mstari mmoja tu, ili lisomeke bado, na kando yake tukaandika “mtoto”, tarehe, na majina yetu mawili. Ninyi mnaoanza kazi hizi, kosa likateni hivyo. Aliyelifuta kabisa humnyima anayemfuata nafasi ya kujua lilikotokea.

Hatukufaulu kwa wote. Mitungi mingine ilikuwa na mama wanne au watano pamoja, na mimi nilikuwa nimewasafisha juu ya sahani moja. Watoto hao wamo ndani ya kichupa kimoja hadi leo, na lebo yao inasema: mama hajulikani.

Sasa nimestaafu. Kwenye kiti changu amekaa kijana wa kike kutoka Liège, mwenye mkono mtulivu kuliko wangu, na brashi haigusi vidole vya mnyama kabla hajavitazama kwa lenzi. Mara moja kwa mwezi napanda metro kutoka Molenbeek kwenda kumtembelea. Tunazungumza juu ya jambo moja.

Mayai ya nyota-manyoya huyu huanza kukua yakiwa bado ndani ya mfuko, kwa hiyo lazima mbegu ya kiume iyafuate humo. Dume yupo, tunaye kwenye mitungi, na vijitawi vyake vimejaa mbegu. Lakini hatumjui dume wa aina hii kuwa na chombo cha kumgusa jike, na mfuko una mwanya mwembamba tu. Labda maji huleta mbegu zikiwa huru, labda huzileta zikiwa zimeshikamana kwa mafungu, na mikono ya jike ikazinasa kama inavyonasa chakula. Nimekata mamia ya tando na kuona ovari, mifuko, viinitete na watoto. Mbegu ikiwa njiani, hata moja, sijaiona, na binti wa Liège naye hajaiona.