Filimbi ya Bi Halina

Jirani yetu hapa Ohio aliichezea timu ya Wafuachuma, ya mpira wa Kimarekani, miaka mingi, akigonganisha helmeti na wanaume wenzake mpaka akili ikalegea. Vidole vyake vimepinda kama tangawizi. Vijana wakimtania, "Babu, jipange!", huinama palepale, ngumi kwenye theluji, akingoja mpira uanzishwe. Hainuki mpaka mkewe, Bi Halina, apulize filimbi. "Imelia, mzee wangu. Twende ndani." Jumamosi tulimzika Bi Halina, akiwa na filimbi yake shingoni, tuliyomvisha kwa heshima. Leo wamemtania tena yule mzee. Mama yangu anamvuta mkono: "Inuka, mzee, utaganda!" Midomo ya mzee imekuwa ya bluu. "Refa hajapuliza," anasema, macho hayabanduki mbele. Nimetia vidole mdomoni, nikapiga mluzi. Ametikisa kichwa. "Huyo shabiki."