Chembe za Springi ya Lori

Mimi ni mjuaji. Nalisema mwenyewe mapema, kabla mama hajanisemea. Nimeuza vipuri vya magari pale Same mjini miaka mingi, na mtu akikaa na vyuma muda wote huo huanza kuamini kwamba hakuna chuma kinachoweza kumsumbua akili. Ndiyo maana nguruwe pori walipovamia shamba la mama huko mlimani, nilifunga duka nikapanda kijijini kwenda kumwokoa, utadhani aliniita.

Shamba lenyewe si kubwa. Ni matuta manne ya mahindi na magimbi kando ya msitu, na ukisimama pale unaiona tambarare yote ya Maore kule chini. Lakini ndicho chakula cha mama mpaka mvua nyingine. Nguruwe walikuwa wameshamaliza tuta moja. Wangemaliza yote, mama angelazimika kuhamia kwangu mjini, jambo alilolikataa tangu baba afariki, na nilijua kabisa kwamba akishuka ule mlima hataupanda tena. Hilo ndilo lililonitoa dukani. Mengine yote yalikuwa sifa.

Bwana nyama, yule ofisa wa wanyamapori, alikuwa ameshatoa kibali cha msako, wa mbwa na mishale tu. Nilipofika, mama alipanda kwenye kigoda, akashusha kutoka kichanja cha juu ya mafiga upinde wa baba na furushi la mishale sita, myeusi tii kwa masizi. Miaka yote hiyo alikuwa akiihifadhi kwenye moshi ili wadudu wasiile. Kila mmoja ulikuwa na alama ya baba karibu na manyoya, mistari miwili na pengo dogo. Kwetu alama hiyo ni kitu kikubwa. Mnyama akianguka, wanaangalia mshale uliomwangusha una alama ya nani, na mguu wa nyuma unakwenda nyumbani kwa huyo bila mjadala.

Nikaichunguza mishale ile kama mteja aliyeletewa kipuri bandia. Chembe zake, yaani kile chuma cha mbele, zilikuwa nyembamba, ndefu, hazizidi upana wa ukucha wa kidole gumba. Nikamwambia mama upinde nauchukua, lakini hiyo ni misumari. Akapanda tena kigodani, akairudisha.

Mimi nilikuwa nimeshajisomea kwenye simu. Nilitazama video za Wazungu wanaowinda nguruwe kwa upinde mpaka bando likaisha mara mbili, na nikahitimisha kwamba siri ni chembe pana: jeraha kubwa, damu nyingi, mnyama chini. Dukani nilikuwa na jani la springi ya lori. Nikalibeba mpaka kwa mhunzi, mzee aliyekuwa akimfulia baba. Nikamwamkia, nikamwekea chuma mbele na mchoro niliouchora mwenyewe, kila chembe karibu ya upana wa kiganja cha mtoto.

Mzee aliutazama mchoro. Akanieleza taratibu kwamba nguruwe dume ana ngao begani, ngozi ngumu iliyogandamana na tope, na chuma kipana kikifika pale kinasimama. Akasema pia kwamba upinde wa baba ni mwepesi, hautabeba uzito ule. Nikamjibu kwamba hicho ni chuma cha lori, mzee wangu, hakisimamishwi na ngozi. Akacheka kidogo, akafua nilivyotaka. Kwa kweli zilitoka nzuri jamani. Nilizinoa mpaka zikanyoa nywele za mkono. Vijiti vya mishale nikavipaka vanishi, nikachonga alama yangu, nyota, maana mistari niliiona ya kishamba. Siku mbili nzima nilitembea kijijini na podo mgongoni bila sababu yoyote, nikienda hata dukani kununua chumvi.

Siku ya msako, mkuu wa wawindaji alinipanga kwenye mwanya mdogo kati ya msitu na shamba la mama. Nadhani alinihurumia, kwa sababu lilikuwa shamba letu. Kulia kwangu alisimama jirani yetu, fundi cherehani, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, akiwaona nguruwe aniachie.

Mbwa walibweka, kichaka kikatikisika, na dume likatoka moja kwa moja upande wangu. Lilikuwa hatua nane. Hata mtoto asingekosa, na mimi sikukosa. Mshale uliondoka ukiinamisha pua, ukalipiga begani, ukatoa mlio kama kofi, ukaanguka kwenye majani. Dume likasimama. Nakumbuka vizuri kwamba lilinitazama. Kisha likapita kando yangu, tena bila haraka, likaingia kwenye mahindi ya mama na wenzake watatu nyuma. Mbwa walipofika kuwatoa, matuta mawili yalikuwa yamelala chini.

Likabaki moja. Mama alikuja akatembea katikati ya mabua, akiokota magimbi yaliyofukuliwa. Alipofika kwenye majani aliuona mshale wangu, akauokota, akaing'oa chembe kwenye kijiti, akaipitisha kwenye gimbi. Ganda likatoka zima. "Hiki kinafaa," akasema, akakifunga kwenye kanga. Aibu niliyoisikia siwezi kuieleza. Ningetukanwa ningepona.

Msako wa pili ulikuwa siku ya nne yake. Asubuhi mama akapanda kigodani, akashusha mishale ya baba. Nikanyoosha mikono. Akanipita, akatoka nje, akampa fundi cherehani aliyekuwa akitusubiri uani. Kisha akarudi akanipa mimi kidumu cha maji ya mbwa.

Kwa hiyo niliyaona yote nikiwa na kidumu. Dume lilitoka pale pale, nadhani lilishazoea. Fundi alishusha miwani kidogo, akavuta upinde wake, akaachia bila haraka, namna anavyokata kitambaa. Ule msumari niliousema mimi uliingia nyuma ya bega mpaka ukabaki manyoya tu. Dume lilikwenda hatua kama ishirini, likaanguka kabla halijagusa hindi hata moja. Wenzake wakageuka kurudi msituni, na mbwa nyuma yao.

Wakati wa kugawa nyama mkuu wa wawindaji aliuchomoa mshale, akaufuta masizi na damu, akasoma alama. Mwenye mistari miwili amelala kwenye makaburi ya usharika mwaka wa sita huu. Mmoja akasema basi mguu apewe fundi. Fundi mwenyewe akakataa. "Mshale si wangu," akasema. "Mguu uende kwa mwenyewe."

Wakanitwika mimi, maana ndimi niliyekuwa sina kazi. Njia nzima watu walinipa hongera. Wa kwanza sikumsahihisha. Wa pili pia sikumsahihisha, Mungu anisamehe. Wa tatu alikuwa mhunzi, amekaa mlangoni kwake, na yeye hakunipa hongera yoyote. Alitazama ule mguu, akauliza kama zile chembe zangu za lori nimeziacha zipumzike. Nikasema ndiyo, mzee.

Mama alikuwa jikoni anamenya magimbi kwa springi ya lori. Aliuona mguu begani kwangu, akasimamisha mkono.

"Nani kapiga?"

Njiani nilikuwa nimepanga maelezo marefu, ya fundi na mwanya na upepo. Yote yakapotea.

"Baba," nikasema.

Mama akajifuta uso kwa pembe ya kanga, mara moja, kisha tena.

"Na wewe?"

"Mimi nimebeba."

Akacheka mpaka akaegemea ukuta, machozi yakiwa bado yanamtoka. Halafu akanisogezea kigoda kwa mguu, akanionyesha mishale mitano iliyobaki, ambayo fundi alikuwa ameshairudisha, na kichanja cha juu ya moto. Nikapanda, nikaiweka mahali pake.