Shamba Tulilolivua Mawe

Mvua ya kwanza ikigonga mwamba uliochomwa na jua, hutoa harufu ya sufuria kavu iliyosahauliwa motoni. Nikiisikia hapa Gachoka, mikono yangu hukumbuka mawe kabla ya kichwa.

Nilizaliwa Nkubu, kwenye udongo mwekundu laini, ambapo ukitaka jiwe la kumfukuzia kuku unalitafuta hadi mtoni. Baba yangu Njue alipofariki, mama alituleta mimi na dada yangu Karimi huku Mbeere, kwa kina baba. Shamba la baba lilikuwa mteremko wa mchanga unaometameta, chini ya mwamba mtupu kama upara, mawe yametapakaa kila mahali. Nilidhani Mungu alifagia dunia nzima akamwaga taka hapa.

Mama alifanya kile mwanamke yeyote wa Nkubu angefanya: alisafisha. Wiki mbili tuliokota mawe tukayatupa korongoni. Jirani yetu Ciambui alisimama njiani, akaguna tu. Shamba likawa safi kama uwanja wa kanisa Jumamosi jioni. Tukapanda kunde na mtama.

Mvua ikaja. Maji yaliporomoka kutoka mwambani bila kitu cha kuyazuia, yakabeba mchanga, mbegu na jasho letu.

Baba mdogo Nyaga, ndugu ya baba, alikuja na mbuzi wake, akicheka. "Shemeji, umelivua shamba nguo! Rudini Nkubu mkachume chai. Msipovuna msimu huu wa mvua, hapa patakuwa pa mbuzi wangu."

Mama hakuinua kichwa. "Nyaga, mbuzi wako wana kwao. Na mimi kwangu ni hapa."

Siku ile ile tulishuka korongoni. Jiwe kwa jiwe tuliyarudisha, tukayapanga mistari ya kukata mteremko, vile Ciambui alituonyesha. "Nilidhani mnajua," alisema, "kumbe nyinyi ni watu wa udongo!" Nyaga alipita kila asubuhi. "Mwaka huu mtavuna changarawe!" Mimi, mtoto wa miaka tisa, nikamjibu, "Tutakupikia, baba mdogo, na chumvi tutaweka!" Mama alinifinya sikio, lakini alikuwa anacheka.

Tukapanda tena, mbegu alizotugawia Ciambui. Nyuma ya kila mstari mchanga ulitulia, ukanywa maji ya mwamba, na mtama ukasimama. Tukavuna. Nyaga akapeleka mbuzi kwingine.

Mjukuu wangu Makena, mwalimu huko Kinoru, ananiambia udongo mwekundu wa Nkubu nao ulikuwa mwamba: moto uliomwagika kutoka mlimani, ukaganda, ukaoza. Mwamba wa hapa ni mkongwe zaidi, husagika polepole hadi kuwa mchanga. Mimi niliishia darasa la pili, hayo sikuyajua. Lakini kilichonichukua miaka mingi kukielewa ni kingine: mama hakujua kama mtama utaota. Aliogopa kama sisi. Akabeba mawe hivyo hivyo.

Siku hizi malori huja kutafuta mawe ya kujengea. Dereva hunionyesha mistari yangu, akiniita bibi kwa lugha ya huku: "Cucu, haya si yamekaa tu bure?"

Namwambia hayajakaa, yako kazini. Geuza lori.