Nilipokuwa Kamera ya Mjomba

Nakumbuka siku moja sokoni Bunda, mwanangu, enzi nilipokuwa kamera ya nyuma ya pikapu ya mjomba wangu. Usicheke. Kabla hizi zenye skrini hazijatufikia, kazi hiyo ilifanywa na binadamu, na likizo zangu zote za chuo kikuu niliifanya mimi.

Mjomba alikuwa akibeba samaki kutoka mwaloni Musoma, mitumbwi ya wavuvi inakotua, kwenda Bunda. Makasha ya samaki yalipangwa juu sana hata kioo cha ndani hakikumwonyesha kitu ila mbao. Alibakiwa na kioo cha pembeni, upande wake wa kulia. Kila alipotaka kurudi nyuma, nilishuka, nikasimama upande huo, nikapiga kelele: "Njoo! Njoo! Njoo!" Sharti lake lilikuwa moja tu: uso wangu uonekane kwenye kile kioo.

Siku hiyo alikuwa akirudi kinyumenyume kuelekea ukuta wa ghala ili tushushe mzigo. Barazani walikaa akina mama wauza dagaa, pamoja na binti mmoja niliyesoma naye shule ya msingi. Akapaza sauti, "Jamani, msomi wetu kapanda cheo! Siku hizi anafundisha magari kutembea!"

Wakacheka wote. Nami nikasogea katikati, nyuma kabisa ya gari, nionekane mtu mwenye kazi rasmi. Nikageuza shingo kutafuta jibu la kumkomesha, huku mkono unapunga na mdomo unaendelea wenyewe: njoo, njoo. Jibu lenyewe nalitafuta mpaka leo.

Gari likasimama. Mgongo wangu ulikuwa umegusa ukuta, moshi wa ekzosi unanipuliza magotini. Mjomba akashuka, akanitazama, kisha akautazama ukuta.

"Wewe, nani alikuwa ananiita?"

"Mimi, mjomba."

"Ulikuwa unaniita nije nikuue?"

Usomi ukanipanda. Nikamuuliza kwa nini alisimama wakati alinisikia namwita.

"Nilikusikia," akasema. "Ila sikukuona. Nikiacha kukuona, hata uwe unaimba, mimi nasimamaga."

Alinishika bega, akanisogeza hadi upande wa kulia, akapanda garini, akatoa kichwa dirishani. "Haya, niite tena."

Juzi tulipolichukua gari letu kwa fundi pale Bweri, ulifurahi, nami nikafurahi kukuona. Kamera imekaa vizuri juu ya kibao cha namba, waya umepitishwa chini ya zulia, skrini inawaka yenyewe ukiingiza rivasi, na ukikaribia kitu inapiga mlio. Ile mistari ya kijani, njano na nyekundu inafanya kazi yangu ya zamani, tena haigeuki kutazama mabinti. Lakini tulipofika Butiama, mvua ikiwa imetupiga njia nzima, uliingiza rivasi uani kwa bibi yako, na skrini ikaonyesha tope tupu.

Ukasema, "Baba, mbona haipigi mlio? Ina maana nyuma hakuna kitu." Mguu ulikuwa umeshaachia breki.

Nikapiga kelele, ukanuna. Tukashuka, tukaifuta kamera. Kweli hapakuwa na kitu, ila kuku mmoja, naye alikuwa anaondoka zake. Ukanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Shinda tu, mwanangu, ila nisikilize. Kamera ni kitu kizuri, ifute kila asubuhi. Lakini siku utakayoacha kuona, simama. Usiendelee kwa kuwa mtu kakuita, wala kwa kuwa mtambo umenyamaza. Shuka, zunguka, tazama kwa macho yako. Ukikuta kuku tu, cheka, upande gari, uendelee.

Mjomba angeweza kuiamini sauti yangu siku ile, na nani angemlaumu? Aliyekuwa akimwita ni mimi mwenyewe. Alisimama, nami nikamaliza chuo, nikaoa, nikakupata wewe. Mwaka huu nilikwenda kumshukuru. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema siku hiyo haikumbuki kabisa. Kwake haikuwa na tofauti na siku nyingine.

Mungu akujalie siku nyingi za namna hiyo, mwanangu: siku utakazozisahau kabla ya kulala, kwa sababu mtu aliyekuwa nyuma yako amerudi kwao mzima.